ROBINE TUIWEKE WAPI?

Maelezo kwa wakazi kabla ya kikao cha kartiye kuhusu vituo vipya vya maji



Kila mara inapotangazwa kwamba kartiye fulani itapata kituo kipya cha maji, swali la kwanza kikaoni ni hili: kitakuwa mlangoni kwa nani? Hapo hapo kikao kinagawanyika. Wa juu wanakitaka juu, wa chini wanakitaka chini, wengine wanakitaka karibu na kanisa, wenye vibanda wanakitaka sokoni. Mwishowe fundi anachoka, anakiweka mahali ambapo ni rahisi kuchimba, nasi tunabaki tukilalamika miaka na miaka. Ukurasa huu unaeleza jinsi mahali pa kituo panavyopimwa, ili utakapokuja kikaoni uwe na hoja ambayo hakuna atakayeweza kuitupa kwa kusema hujui kazi hii.

Kwanza tuelewane kwa maneno. Sisi tuliotoka Kongo tunasema robine. Wenzetu wa Tanzania na Kenya wanasema bomba. Lakini wengine wakisema bomba wana maana ya ile njia ya maji iliyozikwa chini ya ardhi. Katika ukurasa huu, robine ni mdomo unaoufungua na kuufunga kwa mkono. Bomba ni njia iliyozikwa. Kituo ni mahali penye robine kadhaa juu ya sakafu ya saruji. Na bidoni ni ile ya lita 20 tunayoijua sote.

UMBALI UNAPIMWA KWA MUDA

Watu wengi wanafikiri kituo kizuri ni kile kilicho karibu, basi. Mashirika nayo yana kipimo cha mita. Wakati wa dharura, nyumba isiwe zaidi ya mita 500 kutoka kwenye maji. Kambi ikishatulia, lengo la HCR ni mita 200. Vipimo hivyo ni vizuri kuvijua, maana vinakupa haki ya kuuliza.

Lakini mita peke yake hudanganya. Kituo kilicho hatua 60 kutoka mlangoni kwako, chenye foleni ya muda wa saa mbili, kiko mbali kuliko kituo cha mita 200 chenye foleni ya dakika 15. Mama aliyemtuma mtoto maji kabla ya jua kuchomoza, akamwona anarudi wakati wenzake wameshaingia darasani, hahitaji kuelezwa jambo hili.

Tufanye hesabu pamoja. Robine nzuri inatoa lita 7.5 kwa dakika. Kwa hiyo bidoni moja inajaa kwa dakika 2 na sekunde 40. Sasa chukua watu 250 wanaotegemea robine hiyo moja, kila mtu apate lita 15 kwa siku, ambacho ndicho kiasi cha chini wakati wa dharura. Hizo ni lita 3,750. Ukigawanya kwa 7.5 unapata dakika 500, yaani muda wa saa 8 na dakika 20. Ndiyo sababu vitabu vya mashirika vinasema robine moja isizidi watu 250. Namba hiyo ina masharti ndani yake: maji yatoke zaidi ya saa 8 bila kukatika, mtu akimaliza mwingine awe ameshaweka bidoni yake chini ya robine, na asitokee mtu wa kugombana. Mnajua wenyewe kama hali ndivyo ilivyo.

Maji yakifunguliwa kwa muda wa saa 4 tu, robine hiyo hiyo itatoa lita 1,800. Hizo zinatosha watu 120 kwa lita 15 kila mmoja. Kwa lita 20, ambazo ndizo lengo la kambi iliyokaa muda mrefu, zinatosha watu 90. Kwa hiyo HCR inaposema kwamba kambi ya namna hiyo ilenge robine moja kwa watu 100, usidhani ni anasa. Ni hesabu ya foleni.

Na mwendo wa robine unaweza kuupima wewe mwenyewe, bila chombo chochote isipokuwa bidoni na saa ya simu. Ikijaa kwa dakika 5, robine yako inatoa lita 4 kwa dakika, karibu nusu ya inavyotakiwa. Pima asubuhi watu wakiwa wengi, si mchana wakati hakuna mtu. Kituo chenye robine sita ambacho mbili ni mbovu na mbili zinatoa uzi, kwenye karatasi bado ni kituo cha robine sita.

MLIMA UNA NENO LAKE

Kambi zetu nyingi za Rwanda ziliwekwa milimani. Kiziba ilianzishwa mwaka 1996 juu ya kilima upande wa Ziwa Kivu. Gihembe ilianza 1997 Gicumbi. Kigeme ikafuata 2012 kule Nyamagabe. Mlimani maji hayafuati mapenzi ya kikao.

Yanayoyasukuma maji kwenye robine ni tofauti ya kimo kati ya tangi na robine. Kila mita 10 za kimo zinaleta nguvu ya bari 1. Robine iliyo mita 40 chini ya tangi ina nguvu ya bari 4 wakati maji yametulia: yanaruka, yanamwagika nje ya bidoni, na raba ya ndani inakatika upesi. Robine iliyo mita 3 tu chini ya tangi ina nguvu ndogo sana, na maji yakianza kusafiri ndani ya bomba refu, hata hiyo ndogo inapungua njiani kwa kusuguana na kuta za bomba. Ndiyo maana wa chini wakifungua robine zao zote, wa juu wanasikia upepo unapiga mluzi. Mara nyingi nimesikia watu wakisema fundi amehongwa. Pengine yupo aliyehongwa mahali fulani, lakini mluzi huo hauhitaji hongo.

Dawa zipo, na ni vizuri uzitaje kikaoni. Wa juu wanaweza kupewa bomba lao wenyewe kutoka kwenye tangi, lisilochangia na la chini. Katikati ya mlima panaweza kuwekwa tangi dogo linalopokea maji na kuyaanza upya, ili nguvu isiwe kubwa mno huko chini. Au vali ya chini, yaani kile kifungio kilicho kwenye kisanduku cha saruji, inafungwa nusu ili maji yabaki ya kutosha juu. Njia hii ya mwisho ni ya bei rahisi, na ndiyo inayoleta ugomvi, kwa sababu usiku mtu anaweza kwenda na spana akaifungua. Akifanya hivyo, kesho asubuhi watoto wa juu hawana maji. Kisanduku hicho kiwe na kufuli, na ufunguo uwe kwa kamati.

Jambo moja halina dawa ya bure: kuweka robine juu zaidi ya tangi. Hapo lazima pampu, na pampu lazima mafuta au umeme au jua, na mtu wa kuitunza. Ukiomba hilo, ujue unaomba nini.

Halafu kuna miguu yetu. Bidoni iliyojaa ni kilo 20. Kwenda mita 200 kwenye tambarare ni jambo jepesi. Kupanda mita 200 kwenye matope ya mwezi wa nne, na bidoni kichwani na mtoto mgongoni, ni jambo lingine kabisa. Kwa hiyo kwa mchotaji ni afadhali kituo kiwe juu kidogo ya nyumba anazozihudumia: unapanda na bidoni tupu, unashuka na mzigo. Lakini nguvu ya maji inataka kituo kiwe chini. Haya mawili yanavutana, na kila kartiye lazima ichague yenyewe mahali pa kati. Mimi ningependelea robo ya juu ya nyumba, ikiwa tangi linaruhusu. Lakini njia ya kushuka iwekewe ngazi, maana kuteleza na mzigo wakati wa kushuka kunavunja mguu.

FUNDI WA NIBOYE

Usifikiri mambo haya ni ya kambini tu. Nilipokuwa sekondari, likizo moja nilikaa kwa mjomba wangu Niboye, wilaya ya Kicukiro, hapo Kigali. Alikuwa mlinzi kwenye lupango kubwa la mtu, lililo kwenye mteremko, nyumba juu na bustani ya mboga chini. Mwenyewe alitaka robine za nje. Alikuwa ameshachagua mahali pa zote: katikati ya uwanja zionekane vizuri.

Fundi aliyekuja hakuchukua jembe siku ya kwanza. Alizunguka lupango lote na kamba na vijiti, akauliza: nani anatumia maji, ya kazi gani, saa ngapi? Aliuliza mjomba, akauliza mpishi, akamwuliza kijana wa bustani. Mwenye nyumba alikuwa amesahau kabisa kwamba maji mengi kuliko yote yanakwenda kwenye mboga, kwa sababu yeye hakuwahi kumwagilia hata siku moja. Kisha fundi akachukua mpira wa kumwagilia, mita 30, akasema kila robine inatawala duara la mita 30, hakuna haja ya kuweka mbili ndani ya duara moja wakati kona nyingine haina kitu. Akaweka moja kwenye mlango wa jikoni, moja chini penye mboga, moja karibu na lango. Ile ya katikati ya uwanja aliikataa kwa sababu magari yanageuka pale na siku moja yangeigonga. Kwa kila tawi la bomba akaweka vali yake, ili robine moja ikivunjika nyingine zisinyimwe maji. Na tangi akalipandisha pembe ya juu ya kiwanja, kwa sababu mjini nako kuna siku ambazo maji hayaji.

Kazi ya vijiti na maswali ilichukua nusu siku. Ninaitaja kwa sababu kwenye lupango la mtu mmoja mwenye fedha, aliulizwa hata kijana wa bustani. Kambini kituo kimoja kinahudumia mamia ya watu, na mara nyingine wanaoulizwa ni wanaume watano. Tofauti nyingine ni kwamba sisi hatuna mpira wa mita 30. Mpira wetu ni kichwa cha mama na mkono wa mtoto, na duara letu lipimwe kwa hao.

MAJI YANAYOMWAGIKA YANAKWENDA WAPI?

Hili ndilo swali linalosahauliwa zaidi, na kwangu ni la kwanza. Hakuna kituo kisichomwaga. Watu wanasuuza bidoni, wanajaza mpaka inafurika, wanaosha miguu. Maji hayo yatashuka, na yatapita mlangoni kwa mtu.

Udongo wa mlima ukishafunuliwa majani, maji kidogo kila siku yanachora mfereji, na mvua inakuja kuupanua. Gihembe makorongo yalikula ardhi mpaka nyumba zikawa hatarini. Mwaka 2021 watu wake walihamishiwa Mahama na kambi ikafungwa. Kilichochimba makorongo yale hasa ni mvua na mteremko mkali, sisemi ni robine. Lakini maji ya kituo yanafuata njia ile ile ya mvua, kila siku, hata kiangazi.

Kwa hiyo kabla hamjasema ndiyo, uliza sakafu ya saruji itainama upande gani, mfereji utakuwa wa mawe au wa udongo mtupu, na utaishia wapi. Fundi akisema utaishia kwenye shimo la mawe, omba shimo lijaribiwe. Chimbeni kishimo, mmwage bidoni moja, mtazame. Kwenye udongo wa mfinyanzi maji yatakaa hapo siku nzima, na shimo la mawe litakuwa dimbwi la mbu. Hapo ni afadhali maji yaongozwe kwenye migomba au mboga, na ijulikane tangu mwanzo bustani hiyo ni ya nani, kwa sababu mgomba ukizaa kila mtu atakuwa aliupanda yeye.

Bomba lenyewe lisipite chini ya choo wala ndani ya mfereji wa maji machafu. Watu wanauliza: bomba limefungwa, uchafu utaingiaje? Utaingia maji yakikatika. Bomba likiwa limejaa na lina nguvu, penye ufa maji yanatoka nje. Likiwa tupu, ufa huo huo unavuta ndani kile kilicho karibu. Maji yakifunguliwa tena, uchafu unasafiri mpaka kwenye bidoni. Hapo inayobaki kukulinda ni dawa ya klorini, ambayo kwenye robine inatakiwa iwe kati ya miligramu 0.2 na 0.5 kwa lita. Ile harufu mnayoilalamikia ndiyo hiyo dawa. Maji yakikosa harufu siku nyingi, mwambie mhamasishaji.

Wazee wetu wa Kivu hawakusahau mwezi wa saba 1994. Wakimbizi mamia ya maelfu waliingia Goma kwa siku chache. Ardhi ni mawe ya volkano, choo hakichimbiki. Kibumba hapakuwa na maji, yalikuja kwa malori. Wengi walichota Ziwa Kivu kama lilivyo. Kipindupindu kilianza, kikafuatwa na kuhara damu, na katika mwezi wa kwanza walikufa watu karibu 50,000. Mengi ya tunayofuata leo, lita 15, klorini, choo kuwa mbali na maji, yalitiliwa mkazo zaidi baada ya misiba kama ile.

NANI ANAYECHOTA NA NANI ANAYESEMA

Wanaochota ni wanawake, wasichana na watoto. Wanaozungumza kikaoni ni sisi wanaume. Msichana wa miaka 15 hatasimama mbele ya baba yake na wazee kusema kwamba njia fulani inapita nyuma ya mahali panapouzwa pombe na anaogopa. Atanyamaza, kituo kitajengwa, kisha atakwenda akikimbia, au atachota kwenye mto. Kwa sababu hiyo naomba kila kartiye ifanye kikao cha wanawake na wasichana peke yao kwanza, na mama mmoja aje na maneno yao kwenye kikao kikubwa. Kama kamati yenu imekataa, njooni mtuambie.

Kituo kiwe mahali panapoonekana kutoka kwenye nyumba za watu, si kwenye kona. Kisiwe uani kwa kiongozi. Anaweza kuwa mtu mwema kabisa, lakini akihama au akibadilishwa, kituo kitabaki na jina lake na ufunguo utabaki kwa mkewe. Kando ya robine pajengwe ukuta mfupi wa kupandishia bidoni, ili mjamzito au mzee asiinue kilo 20 kutoka chini kabisa. Njia iwe pana na isiyo na ngazi upande mmoja, kwa ajili ya mwenye magongo au kigari. Hayo ni saruji kidogo tu yakifanywa mapema. Baadaye hakuna atakayekuwa na bajeti.

KABLA YA KIKAO

Bomba linafukiwa sentimita 60 au zaidi, na sakafu inamwagwa saruji. Baada ya hapo kukihamisha kituo ni kuchimba upya, kununua bomba upya na kuunga upya, na shirika litasema fedha zimekwisha. Kwa hiyo wakati wa kubishana ni huu, kijiti kikiwa bado ni kijiti.

Mahali panapopendekezwa patiwe alama ya majivu au kijiti chenye kitambaa, na paachwe siku chache, ikiwezekana mvua inyeshe mkiwa mnapatazama. Mtaona maji yanapita wapi. Kila nyumba imtume yule anayechota kweli, aende na bidoni yake mpaka kwenye kijiti na kurudi, imejaa, kwa mwendo wake wa kawaida, na ahesabu dakika. Kiongozi wa kila mstari ahesabu watu wa mstari wake, watoto wachanga nao ni watu.

Siku ya kikao njoo na namba tatu kwenye karatasi: watu wa nyumba yako, dakika za kwenda na kurudi, na muda ambao bidoni ilijaa kwenye robine unayotumia sasa. Asiyejua kuandika aje kwa mhamasishaji wa kartiye yake siku moja kabla, tutamwandikia. Mgonjwa, au mama aliyejifungua karibuni, ampe jirani karatasi yake. Itasomwa kikaoni kama za wengine.